Boksi la praktikali ya kemia la laki na themanini na tano: vioo safi, kostiki mmh

Rivyu hii nimeichelewesha makusudi. Ningeandika siku boksi limefika ningelimwagia sifa tupu, ningeandika wiki iliyofuata ningemtukana mtu. Sasa miezi miwili imepita, bureti (bomba la kioo lenye namba na koki chini, la kudondoshea asidi kwa kipimo) bado inadunda, hasira zimepoa, nadhani naweza nikaongea kitu cha kumsaidia anayetaka kununua.

Mi nafundisha tuisheni ya jioni huku Igoma, Mwanza, chumba cha kupanga nyuma ya saluni, wanafunzi saba, wote wanareseti fom foo. Kuna dada anauza dagaa Mwaloni Kirumba, kuna jamaa wa bajaji, kuna mama wa watoto wawili ambaye tangu aanze kukaa mbele hakuna mtu anachelewa tena kwa aibu. Kemia ya kwenye karatasi hawana shida nayo kivile. Waulize asidi ukiichanganya na besi unapata nini, wanaitikia kama kwaya, chumvi na maji. Ila waambie wakuonyeshe sasa, kimya, maana karibu wote wametoka shule ambazo maabara ni chumba chenye kufuli na ufunguo anao mkuu wa shule. Na nekta haikuambii uimbe, inakuwekea bureti mbele yako na saa inatembea.

Basi tukachanga. Kila mwanafunzi elfu ishirini, mi nikamalizia elfu arobaini na tano, ikatimia laki na themanini na tano. Duka liko mjini kati, jina silitaji kwa sababu kuna ya kuwasifu na kuna ya kuwasema na sitaki kesi na mtu. Wanauza vifaa vya maabara pamoja na makemikali, na hilo boksi wamelipanga wenyewe, wameandika juu kwa maka peni "CHEM PRACTICAL F4". Ndani kuna bureti moja ya sentimita za ujazo 50, pipeti ya 25 (bomba la kufyonzea kipimo kimoja tu), flaski mbili zile za umbo la koni, bika, faneli, stendi na klampu yake, chupa ya kurushia maji, litmasi nyekundu na bluu (karatasi za kutambua asidi na besi), vichupa viwili vya indiketa (dawa inayobadilika rangi kati ya asidi na besi) yaani POP, fenolfthalini, na MO, methili oranji, chupa ya asidi ya haidrokloriki, HCl, iliyoandikwa 2M (M ni moli ngapi kwenye lita moja, na moli ni kipimo cha wingi wa chembe), chupa nyingine ya asidi ya salfa (tutaiongelea hiyo), kipakti cha kostiki soda (NaOH, besi kali), kipakti cha kabonati ya sodiamu, na karatasi ya maelekezo iliyotolewa fotokopi mpaka herufi zinakaribia kufutika.

Bodaboda aliyeleta alikuwa amelilaza boksi ubavu kwenye tenki toka mjini mpaka Igoma. Namshukuru Mungu vifuniko vilikuwa vimekazwa.

Vioo kwanza, maana ndo sababu nimewapa nyota zote nilizowapa. Bureti ni nzuri, siongopi. Koki yake ni ya plastiki ile nyeupe ya kuteleza, siyo ile ya kioo inayotaka vaselini kila siku, wala siyo ile ya mpira na kibanio ambayo sisi tulisomea nayo na ilikuwa ikiamua kudondosha inadondosha yenyewe bila ruhusa yako. Niliijaza maji mpaka sifuri, nikaenda kuswali magharibi, nikarudi nikakuta mstari uko palepale. Hiyo ndo testi ya kwanza ukinunua bureti yoyote, usiridhike na muuzaji kukuonyesha namba zimechapwa vizuri.

Testi ya pili niliifanya kwa jirani yangu anayenunua dhahabu, kwa sisi wa kanda ya ziwa hii ni neema, mizani ya kusoma mpaka 0.01 ya gramu haiko mbali na mtu. Maji ya joto la Mwanza, tuseme nyuzi 26, sentimita za ujazo 25 zinatakiwa kuwa na uzito wa gramu 24.92 hivi. Nikaachia 25 kutoka kwenye bureti, mizani ikasoma 24.90. Nikarudia, 24.93. Jirani akaniuliza hiyo dhahabu gani ya maji, nikamwambia subiri utaona.

Pipeti nayo nilipima ikawa sawa. Stendi ni nzito, haiyumbi, klampu ina mpira ndani haitafuni kioo. Kwa pesa ile, vioo na chuma peke yake vimerudisha zaidi ya nusu.

Ila kuna vitu havimo na mtu mpya hawezi kujua havimo. Hakuna kile kipira cha kuvutia pipeti. Yaani wamekupa pipeti na asidi ya 2M wakakuachia mdomo. Mi najua walimu wengi bado wanavuta kwa mdomo na wanajisifu, sawa, ila mbele ya watu niliowachangisha pesa siwezi. Nilienda famasi nikanunua bomba la sindano kubwa na mpira wa dripu, nikaunganisha, inavuta vizuri tu kwa elfu mbili na mia tano. Na hakuna flaski ya ujazo, ile yenye shingo ndefu na mstari mmoja shingoni, ambayo bila hiyo huwezi kutengeneza myeyusho wenye namba ya kuaminika. Nilirudi kununua ya 500 kwa elfu ishirini na mbili. Kwahiyo hesabu yako ya kweli ni laki mbili na kitu, siyo ile iliyobandikwa.

Maji pia hawatoi, na hapa niwape angalizo. Tunatumia maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri ya gari. Ukifika dukani kwa spea pale Nyakato ukasema tu "maji ya betri", wanaweza kukupa ya kuongezea au wakakupa asidi yenyewe ya betri, maana zote zinaitwa hivohivo na chupa zinafanana kama mapacha. Sema "ya kuongezea", alafu ukifika nyumbani chovya litmasi ya bluu kabla hujamimina popote. Ikigeuka nyekundu umepewa asidi ya salfa, na hiyo ya betri ina nguvu kuliko HCl ya kwenye hili boksi.

Tukija kwenye hiyo asidi ya salfa ya kwenye boksi. Ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nusu lita, kifuniko cha bluu, lebo ya maji imebanduliwa nusu, juu ya kifuniko kuna herufi "S" ya maka peni. Niliiona siku ya kwanza nikasema nitaihamisha kesho. Kesho yake jamaa wa bajaji ametoka juani saa kumi na nusu, koo limekauka, kakuta chupa ya maji mezani, kainyakua kafungua. Yule mama wa watoto wawili ndo alimpiga mkono. Chupa ikaanguka, ikamwagika sakafuni, na saruji ikaanza kutoa mapovu na mlio kama mafuta ya kukaangia yakipata tone la maji. Tukasimama wote tunaangalia. Hakuna aliyecheka.

Nikachukua magadi tuliyokuwa nayo nikamwaga juu mpaka mapovu yakaisha, tukadeki. Sasa ndo nikaisoma ile karatasi ya maelekezo kwa makini, na kuna mstari unasema ukimwagikiwa asidi kwenye ngozi paka besi. Jamani HAPANA. Sakafu sawa, sakafu haina neva. Ngozi ni maji tu, mengi, yanayotiririka, dakika ishirini hivi, na kama ni jicho hivohivo huku unatafuta usafiri wa hospitali. Asidi na besi zikikutana zinatoa joto, hiyo ipo hata kwenye mtihani, ni kilojuli 57 hivi kwa kila moli ya maji inayotengenezwa, sasa unataka joto hilo litokee juu ya kidonda? Na kama besi yako ni kostiki ndo umeongeza moto kwenye moto, maana kostiki inakula ngozi kuliko asidi nyingi, unaona kama sabuni vile, inateleza, kumbe ndo inageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni kweli.

Hili la chupa silisamehi kirahisi. Nchi ina sheria ya kemikali za viwandani na majumbani tangu 2003, wauzaji wanasajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na ofisi ya kanda ipo hapahapa Mwanza. Lebo siyo pambo. Nilipowaambia wakasema chupa zenyewe zimeadimika. Aisee.

Haya, litmasi. Iko vizuri, na ndo kitu wanafunzi wamekipenda kuliko vyote, walichovya kila kitu mpaka nikaficha. Ndimu, maziwa mgando, ukwaju, sabuni ya mche, majivu, soda, mate yao wenyewe. Dada wa dagaa akaniuliza swali ambalo mi mwenyewe sikulitegemea, ticha kwa nini sangara tunamkamulia ndimu? Nikamwambia ile harufu ya samaki kwa sehemu kubwa ni vitu vinaitwa amini, na amini ni besi, ukikamua ndimu asidi inaikamata inaigeuza chumvi, na chumvi hairuki hewani kwahiyo pua haiipati. Akanyamaza. Kesho yake kaja na jibu, alichukua litmasi nyekundu akailowanisha akaishikilia juu ya ndoo ya dagaa walioharibika bila kugusa, ikageuka bluu hafifu. Yaani mtu kaifanyia praktikali Mwaloni mbele ya wateja wake. Hilo peke yake nilitaka kuwapa duka nyota mbili nikakumbuka litmasi hata wengine wanauza.

MO haina neno, inatoka njano kwenye besi na wekundu wa waridi kwenye asidi, ukisimama kwenye rangi ya chungwa katikati ndo umefika. POP ndo iliyochakachuliwa. Ilikuja nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na POP safi inatakiwa iwe haina rangi kabisa, wazi kama gongo, maana inayeyushwa kwenye spiriti. Mtu akitaka iwe nyingi akaongeza maji, ile dawa inashindwa kuyeyuka inajitenga, ndo unaona huo ukungu. Inafanya kazi, ila unatikisa kwanza na unaweka matone matano badala ya mawili.

Sasa kostiki. Hapa ndo penyewe, na ndo sababu ya rivyu yote.

Siku ya taitresheni ya kwanza (kudondosha asidi kidogokidogo kwenye besi mpaka rangi ya indiketa igeuke) nilikuwa nimejipanga kama bwana harusi. Nimepima kostiki gramu 2.00 kwa jirani wa dhahabu, nimeyeyusha mpaka 500, kwahiyo kwenye karatasi ni 0.1M, kwa sababu moli moja ya NaOH ni gramu 40. Nimechukua HCl ya 2M pipeti moja ya 25 nikaipeleka mpaka 500, hiyo nayo 0.1M. Asidi ndani ya bureti, kostiki 25 ndani ya flaski. Mtoto mdogo anajua jibu, 25 kwa 25. Nikawagawa makundi mawili, kundi moja POP, jingine MO, nikawaambia mtaona wote tunapata namba moja, maana asidi kali na besi kali haichagui indiketa.

Kundi la POP wakaja na 21.8. Kundi la MO wakaja na 23.4.

Nikawaambia mmekosea, rudieni. Wakarudia, 21.8, 21.75. MO 23.4 tena. Nikaangalia kama kuna povu la hewa chini ya koki, hamna. Faneli imetolewa, ndiyo. Wanasoma chini ya kile kiduara cha maji, macho usawa, ndiyo. Nikafanya mwenyewe kwa mikono yangu huku jasho linanitoka, 21.8. Mama wa watoto wawili akasema kwa upole kabisa, mwalimu labda namba za kitabuni ni za Ulaya. Wote wakacheka na mimi nikacheka lakini moyoni nilikuwa nimeshaiva, maana hawa watu wameacha biashara zao, na mi nimesimama mbele yao kemia inanikataa.

Usiku nikakaa nikawaza. Kuna vitu viwili vya kushuku, asidi au kostiki. Ili umjue mwongo unahitaji shahidi wa tatu ambaye hadanganyi. Kabonati ya sodiamu ndo shahidi wa kawaida, lakini ile ya kwenye boksi sikuiamini tena kwa wakati huo, kwahiyo nikatengeneza yangu. Hii iibeni. Nunua soda ya kuokea dukani (siyo beking pauda, beking pauda imechanganywa na asidi na unga, itakuharibia), pima gramu 4.20 kwenye kibati ulichokipima kwanza, weka juu ya jiko la mkaa, koroga kwa kijiti taratibu. Inapumua, inarusharusha kidogo, inatoa mvuke na gesi, inabaki kabonati. Ipoe, pima. Yangu ilisoma 2.68, nikairudisha jikoni, 2.65, nikairudisha tena, 2.65. Ikigoma kushuka ndo imeisha, na 2.65 ndo namba yenyewe inayotakiwa ukipiga hesabu ya 168 kuwa 106. Yeyusha yote mpaka 500 unapata 0.05M. Na kwa kuwa kabonati moja inakula asidi mbili, 25 ya hii inataka 25 ya asidi ya 0.1M, kwa MO.

Nikapata 25.1. Asidi ni 0.0996. Asidi haina hatia!

Kwahiyo mwongo ni kostiki, na ukishajua hivo zile namba mbili za ajabu zinaanza kuongea zenyewe. Kostiki ikikaa wazi inanyonya unyevu wa hewani, kila mtu ameona inavyojilowesha, lakini pia inanyonya kaboni dayoksaidi, na kila inapoinyonya inageuka kabonati polepole. Sasa unapoipiga asidi, POP inakata rangi mapema, wakati kabonati iko nusu ya safari tu, imefika kwenye bikabonati. MO yenyewe inasubiri mpaka mwisho wa reli. Tofauti kati ya 23.4 na 21.8 ni 1.6, hiyo ni nusu ya kabonati. Nusu nyingine ni 1.6 tena, jumla 3.2. Toa kwenye 23.4, kostiki ya kweli imekula 20.2 tu, wakati ingekuwa safi ingekula 25. Yaani kwenye kila gramu 100 nilizouziwa kama kostiki, 81 hivi ndo kostiki, 17 ni kabonati, zilizobaki unyevu.

Nilichora hiyo hesabu ubaoni kesho yake. Sijawahi kuona darasa limenyamaza vile. Jamaa wa bajaji akauliza, kwahiyo ticha tukitumia indiketa mbili tunaweza kumkamata mtu anayechakachua? Nikamwambia ndiyo, ndo umeelewa sasa. Miaka yote wamekariri POP ni ya asidi dhaifu na besi kali, MO ni ya asidi kali na besi dhaifu, wanakariri kama namba ya simu, leo wameona kwa macho kwamba kila indiketa inabadilika mahali pake, MO huko chini pH 3 hadi 4 na kitu (pH ni namba ya kupimia asidi na besi), POP huko juu 8 hadi 10, na katikati ya hapo kuna mambo yanatokea ambayo moja haiyaoni.

Jumamosi nikapanda daladala kurudi dukani na daftari. Kijana wa kaunta akanipokea vizuri tu, akasikiliza, alafu akasema, "Ticha, kostiki ni kostiki bwana, hao wanafunzi si wanatafuta rangi? Rangi si imetoka?" Nikamwambia rangi imetoka ila mahali siyo pake. Akaniangalia kama nimechelewa kula.

Bahati mama mwenye duka alikuwa nyuma anahesabu madumu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwalimu, karibu, imekuwaje tena. Nikampa daftari. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye namba, alafu akauliza swali moja tu, "Hii 21.8 ni ya POP eeh?" Nikajua nimefika kwa mtu. Akamgeukia kijana, "Umechota wapi?" Kijana akaonyesha gunia pembeni, la kilo 25, mdomo wazi, limekunjwa tu juu.

Ndo nikaelewa biashara yenyewe. Wateja wakubwa wa duka lile siyo sisi, ni watu wa dhahabu wa huko Geita na Misungwi, wenye vati, yale matanki ya kutolea dhahabu kwenye mchanga. Wanaloweka mchanga na sayanidi, na sayanidi ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua, kwahiyo lazima maji ya vati yakae kwenye ubesi muda wote, pH ya 10 kupanda, na wanayashikilia huko kwa chokaa au kostiki. Mtu wa vati akikuta kostiki yake imepungua nguvu anaongeza koleo jingine maisha yanaendelea. Wateja wengine ni akina mama wa vikundi vya sabuni, na hao nawaonea huruma, maana kostiki iliyogeuka kabonati haili mafuta vizuri, sabuni inabaki laini na mtu anadhani kakosea vipimo. Sisi wa gramu mia ndo tunachotewa kilichobaki mdomoni mwa gunia, palepale panapokutana na hewa siku nzima.

Mama hakubishana. Akanitolea chupa ya vipunje iliyofungwa na kiwanda, gramu 500, imeandikwa 98 kwa mia, akasema ongeza elfu kumi na tano tu. Nikajitetea kidogo kwamba kosa ni lao, akasema mwalimu nimekupa ya elfu thelathini, nikasema wabeja sana nikaondoka. Pia akanipa chupa mbili za kahawia zenye lebo za kuhamishia asidi, hizo bure. Kuhusu fotokopi ya maelekezo akasema ataibadilisha. Wiki iliyopita nimepita, bado ni ileile.

Na chupa mpya majibu yakawa POP 24.4, MO 24.6. Haiwezi kugusa 25 kamili kwa sababu lebo yenyewe inakwambia 98, ukipiga hesabu inaangukia palepale. Nikawapa wanafunzi wapige wenyewe, wakapata. Tangu siku hiyo tunafunga chupa haraka kama vile ndani kuna nyoka, na myeyusho unaobaki tunauweka kwenye chupa ya plastiki, siyo ya kioo yenye kizibo cha kioo, kostiki inagandisha kizibo hautakitoa tena.

Kitu kingine kwa wasio na laki mbili. Kama unataka kuwaonyesha watoto asidi na besi tu bila namba, rozela kavu ya sokoni inatosha. Ichemshe, ipoe, ikiingia ndimu inawaka nyekundu, ikiingia magadi inaenda kwenye kijani cha ajabu hivi. Bei yake haifiki elfu mbili na hakuna mtu atakayeumia, hata akiinywa ni juisi, ile ambayo haijatiwa magadi lakini.

Nyota sasa. Vioo na stendi 5. Litmasi na MO 5. POP 2. Kostiki ya gunia 1, na hiyo moja ni kwa sababu ilitufundisha. Asidi kwenye chupa ya maji ya kunywa sifuri kabisa. Mama mwenye duka 4, ningempa 5 asingenitoza ile elfu kumi na tano. Kijana wa kaunta simpi kitu, ila hana ubaya, alinibebea stendi mpaka kituoni.

Ukienda usichukue boksi zima. Sema unataka vipande, bureti, pipeti, flaski za koni na stendi, mi nilipiga hesabu inakuja laki na kumi na tano, ongeza flaski ya shingo ndefu, alafu kostiki dai iliyofungwa na kiwanda na uifungulie wewe mwenyewe. Jumamosi wanafunga saa nane. Bureti zenye koki nyeupe zilikuwa zimebaki mbili, za kioo ziko nyingi, usikubali kuhamishiwa huko.